Fomu Aliyoikataa Treva

Sarasota, Florida
18 Januari 2022

Wifi yangu Treva,

Mahlon amekula leo. Vijiko sita vya uji, cha saba akanitemea, kwa hiyo najua bado ni mume wangu yule yule. Mkono wa kulia haujarudi na maneno yanamtoka vipande vipande, lakini daktari anasema kiharusi chenyewe kimetulia. Kusafiri hawezi, pengine mpaka Aprili. Tulikuja huku kuota jua wiki tatu, na sasa ndiyo tumekwama.

Nisikilize sasa kama muuguzi mwenzangu. Mahakama Kuu imeipitisha ile sheria. Kila anayefanya kazi kwenye kampuni inayolipwa na bima ya wazee ya serikali, iwe hospitali yenye ghorofa kumi au sisi wanne tunaouguza wazee majumbani kwa magari yetu mawili, lazima awe amechanjwa korona au awe na ombi la kusamehewa chanjo kwa sababu ya dini kwenye faili ifikapo Jumatatu, tarehe 14 Februari. Janelle alishachanjwa. Arlene, ambaye kanisani tunamwona Krismasi tu, ameandika kurasa mbili zenye aya kumi na moja za Biblia, na moja nimeitafuta haimo kwenye Biblia. Nimempitisha hivyo hivyo, mimi ni nani niipime imani ya mtu?

Umebaki wewe. Wasaidizi tunao, lakini muuguzi mwenye leseni aliyebaki hapo Kidron ni wewe peke yako, maana mwingine ndiye huyu anayetemewa uji. Ukitoka wewe, kampuni imefungwa siku hiyo hiyo, na wagonjwa wetu kumi na mmoja wanagawiwa kwa wengine kama vifaranga.

Fomu imo humu ndani ya bahasha. Ina mistari minne tu. Andika kwamba imani yako haikuruhusu, tia sahihi, mpe Janelle. Ningekupigia, lakini ya mkononi huna, simu ya ofisini Arlene huisikiliza kuliko anavyosikiliza mahubiri, na ya nyumbani kwako hupokei.

Wifi yako,
Lucinda


Kidron, Ohio
22 Januari

Wifi Lucinda,

Pole na kuuguza. Mwambie Mahlon tumesikia habari za uji, na kwamba wanaume wa kanisani wamemsafishia theluji mlangoni kwenu bila kuombwa.

Huku baridi inakata masikio. Kidonda cha mguu wa Orpha Geiser kimepungua, sasa kimefikia upana wa sarafu. Salome anakaa kando yangu nikikisafisha na kuniuliza kina rangi gani leo, kisha anamwambia dada yake kana kwamba Orpha hakunisikia. Mzee Clayton Lehman amekula tena pai nzima ya tofaa na sukari yake imepanda hadi nikaogopa kuiandika. Ameapa ni mbwa aliyekula, na mimi nilivyojua watu wa kanisa letu hawaapi.

Fomu nimeiona, na siwezi kuijaza. Dini yetu haikatazi chanjo. Mchungaji Delmar alichanjwa mbele ya watu kwenye ukumbi wa kanisa, akakunja shati mpaka begani, tukaucheka ule mkono mweupe kama unga. Nikiandika kwamba Mungu amenikataza, nitakuwa namsingizia. Unakumbuka marehemu Loren wangu alivyomkimbilia yule mnunuzi mpaka barabara kuu, na mabuti yake ya mpira, kumwambia kwamba ng'ombe aliyemuuzia anapiga teke? Mimi niliolewa kwenu kwa watu wa namna hiyo na nikakaa miaka kumi na tisa. Siwezi kubadilika leo.

Na chanjo sichanjwi. Tafadhali usiniulize kwa nini.

Treva


Sarasota
27 Januari

Treva,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilitamani kuitupa baharini.

Unadhani nimekaa tu hapa? Nimepiga simu kampuni saba za kuazima wauguzi. Wanaocheka wananicheka, wenye adabu wananionea huruma. Wauguzi wote wa wilaya yetu wamefuata hospitali za mbali zinazowalipa mara tatu. Hakuna wa kuja kuendesha gari kwenye barafu kwa ajili ya kidonda cha Orpha.

Basi nikuambie kuhusu Orpha, kwa kuwa wewe hutaki kuniambia chochote. Mpwa wao, Wendell, amenipigia. Tukifunga sisi, atampeleka Orpha kwenye nyumba ya wazee ya mjini, penye muuguzi. Kitanda kilichopo huko ni kimoja tu. Salome haoni, hawezi kubaki peke yake na jiko la kuni, kwa hiyo atatafutiwa kwingine, popote patakapopatikana. Orpha ana miaka tisini na mmoja na Salome themanini na minane. Wamelala chumba kimoja maisha yao yote, Treva. Walikataa wachumba ili wasitengane.

Na wewe unaniambia habari za ng'ombe!

Dhamiri nayo si dini? Kitu kilicho ndani yako kinachokuambia usichanjwe, kiite jina unalotaka. Nimekuandikia maneno yenyewe kwenye karatasi ya pili: "Naamini mwili wangu ni hekalu, na baada ya maombi nimeona sina ruhusa." Yanakili tu. Sikuombi uamini kila neno, nawaombea wale wazee wawili wakae chumba kimoja. Wifi, nimepiga magoti. Mahlon ananiangalia toka kitandani na hajui nampigia nani.

Lucinda


Kidron
31 Januari

Wifi,

Maneno yako niliyaweka mezani siku mbili, na kalamu kando yake. Nikaandika "Naamini" nikasimama hapo.

Mchungaji Delmar alikuja Alhamisi, nadhani ni wewe uliyemtuma. Akanywa kahawa, akala keki yangu yote ya shayiri, kisha akasema, "Treva, ukiniambia Bwana amekukataza, natia sahihi hapa hapa na sikuulizi zaidi." Nikamwambia, "Hajanikataza." Akasema, "Basi ni nini?" Nikamjazia kikombe. Aliondoka ameshika kofia mkononi, hakuivaa mpaka alipofika kwenye gari.

Sasa na mimi nina swali, na limenikaa kooni tangu barua yako ya kwanza. Wewe ndiye uliyemfuata fundi wa mabomba mpaka chini ya sinki ukamhubiria chanjo. Wewe ndiye uliyesimama kwenye chakula cha kanisa, na bakuli la viazi mkononi, ukawaambia wanaume wote kwamba wanaogopa sindano kuliko ng'ombe dume. Hakuna mtu Kidron ambaye hukumsumbua. Mimi tu. Kwa nini hujaniambia hata mara moja, "Treva, nenda kachanjwe"? Hata sasa, kampuni inazama na bado unanitafutia njia ya kutochanjwa.

Nimefikiri sana na jibu ninalolipata si zuri. Naona umeshanifuta kwenye hesabu ya watu wa kuambiwa ukweli. Mimi ni mjane wa mdogo wako, nimebaki mkononi mwako kama chombo cha kuazima, na unachokitaka kwangu ni sahihi. Kama nimekosea niambie.

Treva


Sarasota
4 Februari

Treva,

Zimebaki siku kumi na mimi sina muda wa kubishana.

Nimeijaza mwenyewe. Nilichukua fomu nyingine, nikaandika yale maneno, nikatia sahihi yako. Mwandiko wako naujua, nimekuwa nikisoma ripoti zako miaka kumi na miwili, na hiyo T yako yenye mkia hata mtoto angeiiga. Nimemtumia Janelle leo kwa posta ya haraka na kumwambia aiweke kwenye faili asikuulize chochote. Ikifika kesho au keshokutwa, jambo limekwisha. Wewe amka, washa gari, nenda kwa wazee wako.

Usiiguse hiyo karatasi. Kama ni dhambi ni yangu, na Mungu anajua anwani yangu ya huku.

Umeuliza kwa nini sijakuambia uchanjwe. Kila mtu na mzigo wake, wifi. Kuna mambo ambayo hayasemwi, na si kwa sababu mtu anakudharau. Naomba tuishie hapo. Sijawahi kukuhesabu chombo cha kuazima, na neno hilo limeniuma kuliko unavyojua.

Mahlon leo ametamka "maji" na "nyumbani". La pili alilia nalo.

Lucinda


Kidron
8 Februari

Wifi Lucinda,

Fomu yako ilifika jana. Janelle alinipa mwenyewe, maskini, akasema, "Treva, hii sahihi si yako, wewe hubonyezi kalamu hivi." Nimeichoma kwenye jiko. Usimkasirikie Janelle.

Nitakuambia sasa, maana Jumatatu naweka mkoba wangu chini na sina tena cha kulinda. Ukishasoma unaweza kunichukia, utakuwa na haki.

Loren alichanjwa.

Wote mnaamini alikufa bila chanjo, kwa jinsi alivyokuwa akiipinga kwa kelele. Si kweli. Nilimsumbua majira yote ya baridi. Nilimwambia mimi naingia nyumba za wagonjwa, nitakuletea ugonjwa nikuue. Mwisho wa Machi akasema haya, nipeleke. Nilimpeleka mwenyewe kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo Wooster, nikasimama nyuma yake kwenye foleni asije akatoroka. Chanjo yangu ilikuwa imepangwa wiki mbili baadaye, sikwenda. Aliporudi garini alikuwa amebandikwa kikaratasi kifuani kama mtoto wa shule. Akaniambia, "Umeshinda, mke wangu. Lakini usimwambie Lucinda, atajigamba mpaka mbinguni." Nikamwahidi.

Siku ya tisa nilimkuta zizini, mashine ya kukamulia bado inanguruma na ng'ombe wamegeuka wote wanamwangalia.

Daktari alinionyesha picha za moyo wake. Mishipa ilikuwa imeziba kwa miaka mingi, akasema chanjo haihusiki hata kidogo, angekufa siku ile hata kama asingeigusa sindano. Mimi ni muuguzi, picha nilizisoma mwenyewe na najua anasema kweli. Lakini nikikaribia sindano ile, namwona kwenye foleni na mimi nyuma yake. Nimekwenda duka la dawa la Orrville mara mbili mwezi huu, wifi. Mara ya kwanza niligeuza gari. Mara ya pili nilikaa kwenye kiti, nikakunja mkono wa nguo, yule binti akafungua pamba ya spiriti, na ile harufu ilipofika puani nikakimbia na kuacha koti langu pale. Sijarudi kulichukua.

Kwa hiyo si Mungu. Ni woga, na fomu haina mahali pa kuandika woga. Nisingeweza kuupa woga jina la Bwana ili nibaki na kazi. Na wewe nisingeweza kukuambia, kwa sababu ni mimi niliyempeleka mdogo wako.

Simu nimeichomoa ukutani. Nikikusikia sauti nitashindwa.

Treva


Sarasota
11 Februari

Treva, Treva, mpenzi wangu,

Barua yako imefika saa nne asubuhi. Nimekupigia mara kumi na saba. Nimempigia Janelle, amesema uko barabarani kwa wagonjwa. Sikuweza kumwachia ujumbe kama huu, Arlene anasikiliza. Naandika hapa posta kwenyewe, nimesimama, samahani kwa mwandiko.

Nilijua.

Nilijua tangu Machi ile. Tulikuwa huku huku Florida. Nilikuwa nimemwandikia Loren mara tatu, na mara ya tatu nilimwambia kwamba kama hajachanjwa sitakanyaga nyumbani kwake kula Pasaka. Mdogo wangu wa pekee, nikamtishia kwa nyama ya Pasaka. Akaniletea kadi ya posta: "Nimechomwa, umeshinda. Lakini usimwambie Treva kwamba ni kwa ajili yako, mwache adhani ni yeye, ataniandalia chakula kizuri wiki nzima." Unamsikia? Alituambia wote wawili tumeshinda. Ndiyo tabia yake tangu utotoni, kila mtu alimpa alichotaka kusikia ili pawe na amani mezani.

Tukala Pasaka pamoja, mimi namkonyeza, nawe huoni. Alhamisi yake akafa. Nami nikasema moyoni, Treva asijue kamwe kwamba mimi ndiye niliyemsukuma. Nilipoona huendi kuchanjwa, nilielewa mara moja. Ningekuambiaje uende? Ningetumia mdomo upi? Ndiyo maana nilikutafutia fomu. Hukuwa chombo cha kuazima, nilikuwa naogopa kukuangalia.

Haikuwa wewe, wala mimi. Picha zile nami nilizisoma, nilimwomba daktari kwa siri. Ilikuwa mishipa yake.

Sasa lililo baya. Kwa kuwa umesema Jumatatu unaweka mkoba chini, na simu hushiki, ilibidi nimpigie mtu wa ofisi ya leseni ya serikali leo, kabla ofisi hazijafungwa. Wagonjwa hawawezi kuachwa hata siku moja bila muuguzi. Nimetia sahihi ya kuwahamisha wote kuanzia Jumatatu. Wendell nimemwambia. Nililia kwenye simu.

Kama barua hii ingekuwa na mabawa! Usijifungie ndani, Treva. Mimi sina mdogo mwingine aliyebaki, nina wewe.

Lucinda


Kidron
17 Februari

Wifi yangu, dada yangu,

Barua yako ilifika Jumanne, tarehe 15.

Nikueleze Jumatatu, maana utapenda kujua na hakuna mwingine atakayekueleza sawasawa. Nilikwenda kwa kina Geiser saa mbili, nikakisafisha kidonda cha Orpha mara ya mwisho. Kimebaki kama punje ya mahindi. Wiki mbili zaidi kingekuwa kimefunga. Wendell alikuja saa nne na gari, si mtu mbaya, alikuwa amelipasha moto kabla. Orpha aliuliza, "Salome anakaa mbele au nyuma?" Wendell akaniangalia mimi. Nikamwambia Orpha mimi kwamba Salome haendi, kwa sababu Wendell alishindwa. Orpha hakulia. Alisema, "Basi mpeni Salome blanketi langu, lake lina baridi," akabebwa.

Salome alikuwa amesimama jikoni na koti la dada yake mikononi, anasubiri kumvisha. Gari likaondoka. Baada ya muda akaniuliza, "Ameshatoka chumbani?"

Sijawahi kusikia kitu kama hicho, Lucinda, na nilimkuta Loren zizini.

Jumanne barua yako ikaja. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, theluji inanimwagikia, kisha nikapanda gari na kwenda Orrville jinsi nilivyo. Yule binti alikuwa pale pale. Nilimwambia, "Choma sasa hivi, na usinionyeshe." Namwona Loren bado kwenye ile foleni, lakini safari hii nilikuona na wewe umesimama nyuma yangu na bakuli lako la viazi, na nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka binti akaniuliza kama amwite mtu. Akachoma. Mkono unauma, homa kidogo usiku, basi. Koti langu alikuwa amelitundika.

Kwa simu ya pale pale dukani nilimpigia Wendell. Nikamwambia muuguzi yupo, amechanjwa leo, wazee warudi. Alisema kitanda cha Orpha kimeshatiwa sahihi na nyumba ya Geiser imeshapata mpangaji. Nikampigia yule mtu wa leseni. Alikuwa na heshima. Akasema kampuni ikishakabidhi wagonjwa haiwezi kuwadai tena, na kuanza upya ni miezi sita, labda minane. Mzee Clayton anahudumiwa na watu wa mjini sasa, na jana wamechelewa saa tatu na sindano yake. Kampuni yetu imekwisha, wifi. Ilikwisha siku moja kabla ya barua.

Najua kama ningeichomeka simu, habari yako ingenifikia kabla. Hilo nitalibeba mimi, usinipunguzie. Niliona dhambi kuiandikia serikali mistari minne ya uongo, watu ambao siwajui na hawanijui. Na wewe, uliyekula supu ya kuku mezani kwangu kila Jumapili kwa miezi kumi, nilikunyamazia nikajiona mkweli. Na wewe ukaninyamazia. Tulikuwa tunapitishiana chumvi tu mezani.

Salome anahamishwa Jumamosi; mpaka hapo ninalala kwake. Wamempatia nafasi Millersburg. Nitamfungia mizigo yake mimi na nitamsindikiza, hilo halihitaji leseni. Leo nilipokuwa nakunja nguo zake aliniuliza huko aendako, Orpha atakuwa upande gani wake. Sikuelewa. Akasema miaka yote Orpha amelala upande wake wa kushoto, na hawezi kulala kama hajui. Nilitoa ramani ya barabara kwenye gari nikaitandika juu ya kitanda. Orpha atakuwa kaskazini, mwendo wa saa nzima. Nikamwambia tutakigeuza kitanda, kaskazini iwe kushoto kwake. Akasema asante, kisha akaniomba niandike, wasije wakakihamisha wakati wa kufagia. Nimeandika karatasi kubwa ya kubandika ukutani, na nimetia sahihi yangu.

Wifi yako,
Treva